Remorki Iliyolala Miaka Sita: Ginsi ya Kutafuta Ugonjwa wa Freni Zake



Wote mnaijua ile nyumba nyeupe ya magurudumu mawili yenye kusimama nyuma ya atelye, chini ya mti wa avoka. Wengine wenu mliikuta hapo siku ya kwanza ya kuingia masomo, mkafikiri ni nyumba ya kuku. Kumbe iko remorki ya safari, ile ambayo Wazungu wanaivuta nyuma ya motokari na kulala ndani. Zamani wauguzi wa santri ya afya walikuwa wakiitumia kwa kwenda vijijini kupima watoto. Kisha ikasimama. Miaka sita ikapita, mvua juu yake, majani chini yake.

Mwanzo wa mwaka huu wa masomo wauguzi walikuja kuiomba tena. Wanataka kushuka nayo mpaka bonde la Ruzizi. Mwalimu wetu wa atelye alitukabizi kazi ile, sisi wa kilasi ya tano mekanika. Katika bulten hii tunataka kuwaeleza ginsi tulivyotafuta ugonjwa wa freni, pamoja na kosa tulilolifanya sisi wenyewe. Si kwa ajili ya remorki hii peke yake. Hapa kwetu kuna remorki nyingi zenye kulala: za trakteri, za kubeba mbao, za kubeba maji. Siku moja mtu atakuja kuzifunga nyuma ya gari bila kuuliza neno.

JUU YA NINI FRENI NA SI KITU KINGINE?

Rangi ikitoka, remorki inatembea. Dirisha likivunjika, inatembea. Lakini fikirini njia ya kutoka Bukavu kwenda Uvira kwa kupita mteremko wa Ngomo. Ziwa Kivu liko kwenye metre 1.460 juu ya bahari, na ziwa Tanganyika kwenye metre 773. Tofauti ni metre 687. Wale wa kilasi ya tatu wanaweza kufanya hesabu pamoja nasi: remorki ya kilo 1.000, mara 9,8, mara 687, inatoa zaidi ya joule milioni 6 na nusu. Nguvu hiyo haipotei. Inageuka kuwa joto. Joto hilo linatosha kupasha maji ya litre 20 kutoka digri 20 mpaka 100, na hiyo ni bidoni nzima.

Ni kweli kwamba mota ya gari inasaidia kuzuia, na upepo na njia yenyewe vinachukua sehemu yao. Lakini sehemu nyingine inabaki kwa freni. Kama freni za remorki hazifanyi kazi, basi freni za gari zitabeba mzigo wote, zitapata moto, zitachoka. Na ndani ya gari hilo kuna Papa shofa na Mama wauguzi wetu. Ndiyo sababu.

KWANZA UJUE NI FRENI YA NAMNA GANI

Mganga hatoi dawa mbele ya kujua mgonjwa ni nani. Freni za remorki ndogo ni za namna mbili kubwa.

Ya kwanza ni ya umeme. Hiyo inapatikana zaidi Marekani. Ndani ya kila gurudumu kuna sumaku ya umeme. Dereva akikanyaga freni, kuna kisanduku mbele yake chenye kutuma umeme wa volt 12, sumaku inashika chuma chenye kuzunguka, inavuta mkono mdogo, na mkono huo unafunga freni. Remorki ya namna hiyo ikilala muda mrefu, ugonjwa wake mara nyingi uko katika nyuzi: plage imeota kutu ya kijani, uzi wa kwenda kwenye chuma umeoza, panya wamekula, ao batri ndogo ya kusimamisha remorki wakati inapokatika imekufa. Fundi anapima kila sumaku na ohmmetre. Kwa freni nyingi za kawaida inatakiwa kuonyesha kama ohm 3 hivi. Ikionyesha sifuri, nyuzi zimegusana. Isipoonyesha kitu, uzi umekatika.

Remorki za namna ile zilikwisha kupita hata katika inchi yetu. Katika safari iliyoanza mwaka 1959, Mmarekani Wally Byam aliongoza msafara wa remorki za Airstream zipatazo 40 toka Cape Town mpaka Cairo, na njia yao ilipita katika Kongo.

Namna ya pili ni ya Ulaya, na ndiyo yetu. Haina umeme wala mafuta. Inafanya kazi kwa kusukumwa. Tulijifunza kanuni ya Newton, aliyoitangaza mwaka 1687: kitu chenye kutembea kinataka kuendelea kutembea. Gari likipunguza mbio, remorki inataka kuendelea, basi inasukuma gari kwa nyuma. Kichwa cha kufungia kimeshikwa na bomba la chuma lenye kuweza kuingia ndani. Bomba likiingia, linasukuma mkono mdogo wa chuma, na mkono huo unavuta fimbo ndefu chini ya remorki. Kwa hiyo, kadiri remorki inavyosukuma sana, ndivyo inavyojifunga yenyewe. Ulaya wanairuhusu kwa remorki mpaka kilo 3.500. Yenye kupita kilo 750 haiwezi kutembea kule bila freni.

VIUNGO VYAKE

Twende toka mbele mpaka nyuma, ili mtuelewe vizuri.

1. Kichwa cha kufungia na bomba lake, pamoja na mfuko wa mpira wa kuzuia maji na vumbi.
2. Amortisere, yenye kujificha ndani ya bomba. Kazi yake ni kulainisha msukumo ili freni isipige kwa gafula.
3. Freni ya mkono, na kable nyembamba ya kufunga kwenye gari. Remorki ikikatika njiani, kable hii inavuta freni ya mkono kwanza, kisha yenyewe inakatika.
4. Fimbo ndefu ya kati.
5. Palonye, ni kusema kipande cha chuma sawa mizani, chenye kugawanya mvuto sawasawa kwa gurudumu la kuume na la kushoto.
6. Kable mbili, kila moja ndani ya ala yake, sawa vile kable ya freni ya baisikeli, lakini nene.
7. Tamburu, ni chuma cha mviringo sawa sufuria, chenye kuzunguka pamoja na gurudumu.
8. Mataya mawili ndani ya tamburu (mafundi wanayaita mashwari), kila moja na garnitiri yake, na resori za kuyarudisha.

Muda wa kulala, adui wa viungo hivi vyote ni mmoja: maji. Kutu inakamata bomba, inakamata kable ndani ya ala, inakamata garnitiri kwenye tamburu. Na grese inakauka.

MBELE YA KUGUSA KITU

Mwalimu alitupa sheria tatu, na tunaziandika hapa sababu zinalinda maisha.

Ya kwanza: weka mawe makubwa ao vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu mbele ya kufungua freni ya mkono. Usiiamini kutu kwamba itashikilia.

Ya pili: usiingize kichwa wala mkono chini ya remorki yenye kushikwa na kriki peke yake. Weka viti vya chuma ao magogo mazito chini.

Ya tatu: usipulize vumbi la freni, si kwa kinywa, si kwa kompresere. Garnitiri nyingi za zamani zilitengenezwa na amianti, na vumbi lake linaharibu mapafu bila dawa. Inchi zote za Umoja wa Ulaya ziliikataza tangu mwaka 2005, lakini vitu vya zamani vingali vinatembea. Sisi tulipanguza na kitambaa chenye maji, kisha tukakifukia kitambaa.

GURUDUMU LISILOTAKA KUZUNGUKA

Siku ya kwanza tulifungua freni ya mkono, tukasukuma watu kumi. Gurudumu la kushoto lilizunguka kidogo. La kuume, hata kidogo. Wengine kati yetu walisema: «Tuite trakteri, ivute, itaachia.» Mwalimu alikataa kabisa. Akauliza: «Kama garnitiri imeshikamana na tamburu, na wewe unavuta kwa nguvu, nini itaachia kwanza?» Tulinyamaza. Jibu ni kwamba garnitiri inaweza kubanduka toka kwenye taya lake, kisha kuzunguka ndani sawa jiwe ndani ya sufuria, ao kujipanga vibaya na kufunga gurudumu lote njiani.

Sababu ya ugonjwa huu ni rahisi. Remorki iliachwa miaka sita na freni ya mkono imevutwa. Garnitiri ilikuwa ikibana tamburu, maji yakaingia, kutu ikageuka kuwa gundi.

Dawa yake ni uvumilivu. Fungua freni ya mkono. Sukuma mbele kidogo, rudisha nyuma kidogo, mara nyingi. Ikikataa, inua gurudumu, ulitoe, kisha gonga tamburu polepole pembeni pote na nyundo ya mbao, ao nyundo ya chuma na kipande cha ubao katikati. Usitie mafuta ya kulegeza kutu ndani ya tamburu, kwani garnitiri yenye kulowa mafuta haifai tena. Ikizidi kukataa, legeza skuru ya kurekebisha mataya, iliyo nyuma ya gurudumu, mpaka yarudi ndani.

Kwetu iliachia siku ya pili. Ilifanya «tak!», gurudumu likazunguka, na sisi tukapiga makofi.

KOSA LETU

Hapa ndipo furaha ilitudanganya. Ilitupasa kufungua tamburu zote mbili na kutazama ndani. Hatukufungua. Tulifunga remorki nyuma ya gari, tukazunguka nayo katika kiwanja cha masomo. Freni ilikuwa zaifu. Basi mmoja wetu aliingia chini, akakaza bulo za fimbo ya kati mpaka fimbo ikawa fupi. Tulizunguka tena. Safari hii freni ilishika vizuri. Tukamwambia Papa shofa: «Iko tayari.»

Papa shofa ni mtu mzima, hakuchukua neno letu bila kuonja. Alienda nayo kilometre tano kwenye njia sawa, isiyo na mlima, akarudi. Aliposhuka, alisema neno moja tu: «Wanangu, njooni munuse.» Gurudumu la kushoto lilikuwa likinuka sawa nguo inayoungua. Tulidondosha maji kidogo juu ya tamburu, yakafanya «chiii» na kuisha mara moja. La kuume lilikuwa baridi kabisa.

Hatukupata usingizi mzuri usiku ule. Kama angeteremka Ngomo siku ile na wauguzi ndani ya gari, juu ya neno letu «iko tayari», tungejibu nini?

KILE TULICHOKIKUTA NDANI

Asubuhi tulianza upya, kwa utaratibu. Tulilala chini na kutazama palonye wakati mwenzetu anavuta freni ya mkono. Ilikuwa imepinda upande mmoja sawa mizani yenye mzigo sehemu moja. Hapo tu jibu lilikwisha kuonekana. Tulifungua kable ya kuume pande zote mbili, tukaivuta: haikutembea. Kutu ilikuwa imeikamata ndani ya ala. Kwa hiyo mvuto wa kuume ulikuwa ukifia njiani, na gurudumu la kushoto peke yake lilikuwa likisimamisha remorki yote.

Na ile fimbo tuliyoifupisha? Ilikuwa ikivuta kable ya kushoto wakati wote, hata bila freni. Mataya ya kushoto hayakurudi hata kidogo, yakasugua tamburu kilometre zote tano. Tulifikiri tumeponya freni, kumbe tulificha ugonjwa na kuongeza mwingine.

Kisha tukafungua tamburu. Ya kushoto ilikuwa imegeuka rangi sababu ya joto, na garnitiri zake ziling'aa sawa kioo. Ya kuume ndiyo ilitutisha. Garnitiri moja ilikuwa imeinuka toka kwenye taya lake, kutu imeingia chini yake, na ufa ulifika mpaka katikati. Tuliikamata na vidole, ikatoka. Trakteri ingemaliza kazi ile mara moja, na hakuna mtu angeliona.

UTARATIBU UNAOFAA

Sasa tunaandika utaratibu wote kama tulivyojifunza kwa aibu yetu. Kanuni kubwa ni hii: anza kwenye magurudumu, kisha kable, kisha fimbo, na mwisho kichwa cha mbele. Usiponye kamwe gurudumu kwa kukaza fimbo.

a) Gurudumu. Inua upande mmoja. Zungusha kwa mkono, upande wa kwenda mbele. Sikiliza. Likisugua pahali pamoja tu katika kila mzunguko, tamburu si mviringo tena ao kuna kutu pahali pamoja. Likisugua wakati wote, mataya hayarudi. Kisha kamata gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, ao likitoa sauti ya mchanga, ugonjwa uko katika rulema, si katika freni. Ni lazima kutofautisha mambo haya mawili, sababu rulema mbovu nayo inapasha moto gurudumu, lakini joto lake linaanzia katikati, kwenye kifuniko cha grese.

b) Tamburu. Fungua, tazama. Kutu nyepesi juu ya chuma inatoka na karatasi ya msasa. Mifereji ya ndani inahitaji turu ao tamburu mpya. Garnitiri ikibaki na unene wa chini ya milimetre 2, ao ikilowa grese, ao ikipasuka, badilisha. Na ukibadilisha, badilisha pande zote mbili, la sivyo remorki itavuta upande mmoja. Tazama resori kama hazikukatika. Kama ndani kuna grese, tafuta kwanza mpira wenye kuvuja, kwani garnitiri mpya zitalowa vilevile.

c) Kable. Zifungue, uzivute na kuzirudisha kwa mkono. Zinatakiwa kuteleza. Yenye kukwama, usidanganyike kwa kuitia mafuta. Itateleza leo, itakwama mwezi ujao. Inunuliwe mpya. Wala usiweke kable ya baisikeli ao ya pikipiki badala yake, hazina nguvu ya kazi ile.

d) Kurekebisha. Ukiisha kurudisha vyote, na fimbo ikiwa imelegezwa, zungusha gurudumu upande wa mbele huku unakaza skuru ya mataya mpaka gurudumu lisimame. Kisha legeza kidogo kidogo mpaka lizunguke bure. Fanya vilevile upande wa pili. Hapo tu ndipo unapokaza fimbo, mpaka mchezo wa bure umalizike, bila kuanza kuvuta palonye. Palonye inatakiwa kusimama sawa.

e) Kichwa cha mbele. Vuta freni ya mkono, sukuma bomba liingie ndani. Unatakiwa kusikia ugumu wenye kuendelea sawasawa. Ukiliachia, litoke lenyewe, polepole. Likiingia bila ugumu wowote, amortisere imekufa. Likibaki ndani, ni kutu ao grese iliyokauka, ao amortisere tena. Bomba lenye kubaki ndani ni hatari, sababu freni inabaki imefungwa njiani kote.

f) Kurudi nyuma. Remorki nyingi za Ulaya ziko na mataya yenye kujilegeza zenyewe wakati wa kurudi nyuma. Kama yameota kutu, remorki inajifunga gari linapotaka kurudi. Lakini msishangae jambo hili: ukivuta freni ya mkono mahali penye mteremko, remorki inaweza kurudi nyuma kidogo mbele ya kusimama. Huo si ugonjwa. Resori ya freni ya mkono inachukua ule mchezo, kisha inashika.

ALAMA NA SABABU ZAKE

Kwa wale wanaopenda kuandika katika kaye, tunakusanya hapa kwa ufupi.

Gurudumu halizunguki kabisa: garnitiri imeshikamana na tamburu.

Gurudumu moja linapata moto, lingine baridi: kable imekwama, resori imekatika, ao mataya yamekazwa zaidi. Tazama palonye.

Yote mawili yanapata moto: fimbo imekazwa zaidi, bomba linabaki ndani, ao freni ya mkono haikufunguliwa yote.

Hakuna freni: garnitiri zimekwisha ao zimelowa grese, kable zimekatika ao zimelegea, bomba limekamatwa na kutu haliingii.

Remorki inapiga gari kwa nyuma, «gbu, gbu», kila mara dereva anapofunga: amortisere imekufa, ao mchezo wa mataya umezidi.

Inavuta upande mmoja: freni ya upande mmoja inafanya kazi, ya pili haifanyi.

KUJARIBU NJIANI

Kiwanja cha masomo si njia. Kwa mwendo wa miguu, hata freni mbovu inaonekana nzuri. Nyuma ya kubadilisha kable zote mbili na mataya yote manne (tulingojea vipande vile majuma matatu), tulijaribu hivi: remorki tupu, kilometre mbili njia sawa, kusimama, kugusa. Kisha kilometre tano, kusimama, kugusa. Kisha mlima mdogo. Kisha mzigo wa nusu. Usiguse tamburu kwa mkono mara moja. Sogeza kiganja karibu kwanza, ao dondosha maji. Magurudumu mawili yakiwa na joto sawasawa, hiyo ni habari njema. Sisi tulifurahi zaidi siku ile kuliko siku ya «tak!».

Tulitazama pine vilevile. Mpira wenye kulala juani unapasuka pembeni hata kama meno yake yangali mapya. Zetu mbili zilikataliwa na Mwalimu, nazo zikabadilishwa.

Na hata freni zikiwa nzima, dereva anashuka mteremko kwa vitesi vidogo, mota ikizuia, na kusimama katikati ya njia kupumzisha freni. Papa shofa anafanya hivyo tangu zamani, bila kusoma kitabu.

NAMNA YA KULAZA REMORKI

Kama remorki inapaswa kulala, fanya mambo haya machache, ni kazi ya nusu siku. Iweke pahali pakavu. Zuia magurudumu na mawe, lakini acha freni ya mkono imefunguliwa. Tia grese mpya kwenye bomba la mbele, tazama kama mfuko wa mpira haukupasuka. Iinue juu ya magogo ili pine zisikandamizwe. Na kila mwezi mtu azungushe magurudumu na kuvuta freni mara kadhaa. Kitu chenye kutikiswa mara kwa mara, kutu haikipati kwa urahisi. Tangu sasa kilasi ya nne na ya tano mekanika zitapokezana kazi hiyo, na tumebandika karatasi ya kuandika tarehe ku mlango wa atelye.

MWISHO

Neno «iko tayari» ni jepesi kinywani. Tulilisema mara ya kwanza nyuma ya kuzunguka kiwanja mara mbili, na lilikuwa uongo, hata kama hatukukusudia kudanganya. Mara ya pili tulilisema nyuma ya kufungua kila kitu, kukipima, na kukijaribu njiani. Papa shofa alitutazama, akauliza: «Mulifungua tamburu?» Tukamjibu: «Ndiyo, Papa, zote mbili.» Akachukua ufunguo wake.

Remorki ilishuka Ngomo siku ya jumanne na wauguzi wetu, ikarudi jumamosi. Magurudumu mawili yalikuwa na joto sawasawa. Mama mmoja mwuguzi alituletea ndizi za Ruzizi, na tumekwisha kuzila. Wenye kutaka kuona ile garnitiri iliyobanduka, waje ku atelye siku yoyote nyuma ya masomo. Tumeitundika ukutani juu ya meza ya kazi, ili watakaotufuata waione mbele ya kusema kwamba kitu kiko tayari.

Kwa leo tunaishia hapa.

Wanafunzi wa kilasi ya tano mekanika